Gari Lililokunywa Maji

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya mafundi, madereva na wenye magari, mwishoni mwa masika



Nimeombwa nizungumzie magari yaliyoharibiwa na majanga. Majanga ni mengi. Gari huungua, huangukiwa na mti, hufukiwa na tope kama ilivyotokea Katesh, chini ya Mlima Hanang, Desemba 2023. Lakini gari lililoungua halimdanganyi mtu, na lililoangukiwa na mnazi utaliona paa limebonyea. Mdanganyifu ni gari lililozama. Likishaoshwa, likapigwa polishi na kutundikiwa manukato kwenye kioo, hupendeza kuliko lako ambalo halijawahi kuguswa na mafuriko. Kwa hiyo jioni hii nitasema maji tu.

Naanza na vijiko vitatu. Vijiko vya chakula, si vya chai. Chukueni injini ya kawaida kabisa hapa mjini, cc 1500, silinda nne. Kila silinda huvuta hewa ya cc 375, zaidi kidogo ya chupa moja ya soda. Pistoni ikipanda huibana hewa hiyo mpaka ikae kwenye nafasi ya cc 42 hivi. Hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali. Cc 42 ni kama vijiko vitatu vya maji, basi. Vikiingia ndani ya silinda, pistoni inapanda na kugonga kitu kisichorudi nyuma, na kwa kuwa injini bado inazungushwa, kinachosalimu amri ni ule mkono wa chuma unaoishikilia pistoni. Unapinda. Ukizungushwa kwa nguvu zaidi, unatoboa ubavu wa injini na kutokea nje.

Hayo sikuyasoma kitabuni. Desemba 2011 mji huu ulipigwa na mvua ambazo wazee walisema hawajaziona tangu kabla ya Uhuru. Watu wapatao 40 walikufa, na waliokuwa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mimi nilikuwa nimepanga chumba pembeni mwa bonde, na Corolla yangu, ile tunayoiita mia na kumi, ililala uani. Maji yalipopungua nilikuta mstari wa tope umepita juu ya taa za mbele. Nilikuwa fundi tayari, tena fundi niliyekuwa nawafundisha vijana. Nikaingia ndani, nikakalia kiti kilichotoa maji kama sifongo, nikapachika ufunguo na kupiga stata. Fundi mzima! Jirani yangu, mama muuza vitumbua ambaye hajawahi kushika spana, aliniambia, “Baba, si ungeliacha likauke kwanza?” Nikamjibu kwamba haya mambo nayajua. Injini ilizunguka nusu, ikatoa mlio kama mtu aliyevunja muwa gotini, ikanyamaza. Jirani naye akanyamaza, kwa heshima.

Injini ile ingepona. Maji yaliikuta imezimwa. Kilichoiua ni mkono wangu. Ndiyo maana neno la kwanza ninalowapa wanafunzi wangu, kabla ya somo lolote la mafuriko, ni: usiliwashe. Hata kwa kujaribu, hata kwa kusikiliza tu. Kuchomeka ufunguo na kuwasha taa za dashibodi nako ni kuwasha, kwa sababu umeme ukipita kwenye waya zilizolowa unatafuta njia za mkato na kuunguza kontrol boksi ambayo ingeweza kukaushwa.

Na kabla hatujafika kwenye gari lililozama likiwa limeegeshwa, niseme na wale wanaolizamisha kwa hiari. Kila masika watu wanasimama Jangwani, wanayatazama maji yaliyofunika Barabara ya Morogoro, wanaangalia gari la mbele limepita, wanasema twende. Maji ya sentimita 15, yasiyofika hata katikati ya muundi wako, yanagusa tumbo la magari mengi madogo na yanaweza kukunyang’anya usukani. Yakifika sentimita 30 magari mengi huanza kuelea. Sentimita 60 za maji yanayokwenda hubeba karibu gari lolote, pamoja na hayo marefu mnayoyaamini. Na barabara iliyo chini ya maji huenda haipo tena.

Tuseme sasa limezama, limeegeshwa, maji yameshuka. Maji ya mafuriko ya mji wetu yamepita kwenye vyoo, kwenye madampo na kwenye gereji zetu zenyewe, kwa hiyo vaa glavu na buti. Fungua milango taratibu na uangalie chini ya viti. Nyoka naye alikuwa anatafuta pakavu. Piga picha kabla hujafuta tope. Nasisitiza: kabla. Huo mstari wa tope mlangoni ni shahidi wako mbele ya kampuni ya bima, nawe ndiye unayekimbilia ndoo na tambara kumfuta. Kisha fungua boneti na ung’oe waya wa betri, upande wa hasi kwanza. Baada ya hapo chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyoingiwa na maji haina siri, inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiiona hivyo, gari halizungushwi hata kidogo mpaka oili imwagwe, plagi zifunguliwe na silinda zitolewe maji.

Gari la gia za otomatiki lisivutwe kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiburuzwa barabarani. Lipandishwe juu ya bredauni ya kubeba. Likifika gereji, oili zote zinamwagwa, ya injini, ya giaboksi, ya difu. Maji ya breki nayo, maana asili yake ni kunyonya unyevu, na yakishanyonya huchemka mapema unapokanyaga breki mlimani. Tangi la petroli lishushwe. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, mahali hasa pampu inapovuta. Zulia litoke lote pamoja na sponji iliyo chini yake. Kufungua milango gari lipigwe jua hakutoshi, kwani ile sponji hukaa na maji kwa wiki nyingi, juu pakiwa pakavu, chini bati likiliwa.

Maji ya bahari ni habari nyingine. Ninyi wa Kigamboni, wa Tanga, wa Lamu, bahari ikipanda mpaka uani na kulikuta gari, lioshwe kwa maji baridi mengi siku hiyohiyo, kisha jiandaeni kuagana nalo. Chumvi hupitisha umeme na hula chuma hata baada ya maji kukauka. Kwa magari ya haibridi na ya umeme ni hatari ya moto kabisa. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoisukuma bahari mpaka bandari ya Newark, Marekani, magari 16 ya Fisker Karma yaliyokuwa yamepangwa pale yaliwaka moto baada ya kuzamishwa na maji ya chumvi. Hayakuwa na dereva wala hayakuwa yamewashwa. Sasa haibridi zimejaa barabarani kwetu. Ikizama, usiiguse mahali penye zile waya nene za rangi ya chungwa, iegeshwe mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba na magari mengine, uitwe fundi aliyesomea umeme wa aina hiyo. Fundi wa “nitajaribu” hapo hafai.

Bima nitaipitia haraka kwa sababu haina mengi. Bima ndogo humlipa yule uliyemgonga. Gari lako lililozama halimo. Bima kubwa huweza kulilipa, ila kwenye baadhi ya mikataba majanga ya asili ni kipengele kinachoongezwa kwa malipo yake. Soma karatasi leo, kabla ya mafuriko mengine. Na ukiambiwa na mkadiriaji kwamba mafuriko yatalipwa lakini injini iliyovunjika kwa kupigwa stata hailipwi, usinitafute.

Nimefika mahali penyewe. Maji hayana haraka. Siku ya mafuriko gari limelowa tu; uharibifu ndiyo kwanza unaanza. Ndani ya kila gari la leo kuna soketi za waya kwa mamia, na ndani ya kila soketi kuna visahani vya shaba vyembamba kuliko ukucha. Vikilowa, baada ya miezi huota ukungu wa kijani. Siku moja kioo kinagoma kushuka. Wiki mbili zimepita, honi inalia yenyewe usiku. Halafu inawaka taa ya eabegi, inazimika, inawaka, na dereva anazoea. Sasa kumbukeni kwamba kwenye magari mengi kile kiboksi kinachoamua eabegi ifumuke au isifumuke kimefungwa sakafuni, katikati, karibu na gia. Katika gari linaloingia maji, hicho ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuzama. Kikifa, kinakufa kimya, na utakuja kujua siku ya ajali. Siku hiyo gari limeshauzwa mara mbili.

Kwa hiyo swali la “litengenezwe au liachwe” nalijibu kwa rula. Wajapani, ambao magari yao ndiyo yamejaa hapa nje, wana taasisi yao ya kukadiria magari yaliyotumika, na kwao gari likishaingiwa na maji juu ya sakafu linahesabiwa kuwa gari la mafuriko. Thamani yake hukatwa asilimia 30 maji yakiishia sakafuni, asilimia 40 yakifika juu ya kalio la kiti, asilimia 50 yakifika juu ya dashibodi. Mimi fundi wa hapa nasema hivi: yakiishia kwenye zulia, ukawahi, na maji yenyewe si ya bahari, tengeneza. Yakifika kitini, piga hesabu ya spea kabla hujafungua nati moja, na ujiulize kama una gereji yenye subira ya kufungua kila soketi. Yakipita dashibodi, hilo si gari tena, ni spea zilizosimama pamoja.

Mtaniambia nina roho ngumu, kwa kuwa mtu ameuza shamba kupata gari. Nisikilizeni. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kilibomoa kingo za mto Chikuma huko Nagano, maji yakajaa kwenye karakana ya treni za mwendo kasi, zile Shinkansen za njia ya Hokuriku. Treni 10 zilisimama majini, mabehewa 120 kwa jumla, rangi ziking’aa kama kawaida. Wenye treni wana wahandisi, wana spea, wana fedha, na waliounda mabehewa yale wako nchini humohumo. Wakaamua yote 120 yaondolewe njiani. Vifaa vya umeme vilikuwa chini ya sakafu, na hawakuwa tayari kumpandisha abiria kwenye kitu wasichoweza kukidhamini. Halafu mimi na wewe, na hita ya kukaushia nywele tuliyoazima saluni, tunasema tumelimaliza jioni moja.

Sasa kununua jingine. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na nadhani walikuwa wamesimama kwenye yadi ya magari. Aliyepoteza gari kwa mafuriko ananunua akiwa na haraka, ana fedha pungufu na amechoka daladala. Huyo ndiye mteja anayesubiriwa na gari lililozama la mtu mwingine.

Hilo gari laweza kuwa limetoka mtaa wa pili, laweza kuwa limevuka bahari. Aprili 2024 mvua zilitupiga sisi. Bunge liliambiwa watu 155 wamepoteza maisha Tanzania, na Kenya walizika zaidi ya 200. Mwezi huohuo, tarehe 16, ikanyesha Falme za Kiarabu mvua ambayo haijawahi kuandikwa tangu vipimo vyao vianze 1949: milimita 254 ndani ya siku moja huko Khatm Al Shakla, karibu na Al Ain. Mliona wote picha za barabara za Dubai, magari yamebaki paa tu. Dubai na Sharjah ni soko la magari la Afrika. Ya usukani wa kushoto yanawafaa ndugu zetu wa Congo, Burundi na Rwanda, wanaoendesha upande wa kulia, na mengi hupitia bandari yetu. Ya usukani wa kulia, yaliyopita huko kutoka Japani, yanatufaa sisi, Wakenya na Waganda. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane. Sisi tunalipokea kwa ushuru wa uchakavu. Lakini umri hausemi kama gari limezama. Gari la miaka mitatu linaweza kuwa limelala siku mbili chini ya maji.

Ukiagiza Japani, dai karatasi ya mnada yenyewe, ile yenye mchoro wa gari na herufi. Muhtasari uliopigwa chapa upya na dalali haukusaidii. Herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Gredi R au RA ni gari lililopata ajali likarekebishwa. Mafuriko huandikwa kwa maneno, pembeni, kwa Kijapani, na neno la kutafuta ni “kansui”. Mpe mtu anayejua lugha akusomee. Wala usikimbie kila kutu: magari ya kaskazini, Hokkaido, huliwa chini kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kutu ya theluji iko nje, chini ya gari. Kutu ya mafuriko iko ndani, kwenye reli za viti na miguu ya pedali, mahali ambapo theluji haifiki. Na fedha zitumwe kwenye akaunti yenye jina la kampuni iliyotoa ankara. Jina likiwa la mtu binafsi, hata akiwa na maelezo mazuri kiasi gani, zuia mkono.

Ukinunua hapahapa, fanya kama nilivyofanya mwaka juzi nilipompeleka mpwa wangu kwenye yadi moja mjini. Jina nitaliacha. Alikuwa ameshalipenda gari, la rangi ya fedha, viti vimefunikwa vitambaa vipya, ndani linanukia limau. Harufu ya limau kali kiasi kile hunifanya nijiulize inafunika nini. Nikaomba vioo vyote vifungwe, tukae ndani dakika tano bila kuwasha kiyoyozi. Dakika ya tatu limau likachoka, ikaja harufu ya kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Muuzaji akasema ni mvua ya jana, kioo kilibaki wazi. Sawa, mvua ya jana. Nikashika mkanda wa kiti cha nyuma, ule ambao hakuna anayeufunga, nikauvuta taratibu mpaka mwisho wa mwisho, pale unapokataa. Wanaosafisha magari husafisha mkanda unaoonekana. Sehemu iliyojiviringisha ndani ya nguzo hawaikumbuki. Ulipofika mwisho, kwenye kipande kama cha shibiri moja, kulikuwa na mstari wa hudhurungi umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Chini ya mstari kitambaa kigumu, juu laini. Nikampa mpwa wangu akiguse. Hakusema kitu, alimrudishia muuzaji ufunguo na kumshukuru. Muuzaji naye akasema, “Mzee, wewe fundi, ungesema mapema.”

Mkanda unaosema hivyo hauhitaji shahidi wa pili, lakini wapo: mchanga laini ndani ya kasha la taa za nyuma, ukungu wa maji nyuma ya kioo cha dashibodi, tope kavu chini ya tairi la akiba, skrubu za viti zenye alama mpya za spana kwenye gari linalodaiwa halijawahi kufunguliwa. Fanya hayo mchana, si taa za jioni. Na mlipe fundi wako mwenyewe, yule asiyelipwa chochote gari likinunuliwa.

Kwa mafundi wenzangu nina neno moja gumu. Mabaki ya magari yaliyozama hupigwa mnada, sisi tunayanunua, hiyo ni riziki na siikatai. Milango, boneti, vioo na rimu haviharibiwi na maji ya siku mbili. Corolla yangu ya 2011 niliichinja. Milango yake miwili ya kushoto niliiona mwaka jana Buguruni kwenye gari la mtu, naitambua kwa mkwaruzo nilioufanya mwenyewe. Lakini eabegi, mikanda, kontrol boksi na vyuma vya breki vilivyolala majini visirudi kwa mteja, hata kwa bei ya bure. Hivyo vivunjwe.

Na wewe unayeuza gari lako zima baada ya kulitengeneza vizuri, ukiwa na risiti zako zote, andika kwenye mkataba wa mauziano maneno matano: gari hili liliwahi kuingia maji. Ongeza yalifika wapi. Bei itashuka, naam. Itashuka mpaka kwenye bei yake halisi.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali. Ila kabla hatujaanza, mwenye lile gari jeupe lililoegeshwa mtaroni kando ya geti naomba atoke alisogeze juu. Wingu limefunga.